Zege Lililoshukia kwa Mwalimu

Goba, huku Dar es Salaam, ni milima. Unanunua kiwanja mchana kweupe, siku ya kuhamia ndipo unagundua ukisimama uani mguu mmoja uko juu kuliko mwenzake. Nilichotaka kilikuwa kidogo tu: jukwaa la zege la mita 2 kwa 2, niweke tanki la maji la lita 2,000. Likijaa ni tani 2 hizo, huwezi kuliacha mteremkoni kwa imani.

Fundi alikuja na pimamaji, akaichomeka mfukoni, akafumba jicho moja. "Bosi, huku juu sentimita kumi, kule chini sabini. Tunafunga boksi, tunamwaga."

Nikauliza kwa nini tusikate udongo ngazi-ngazi, tujaze mawe na kifusi tukishindilia. Akanitazama kwa huruma ambayo mafundi wamewawekea watu wanaosoma ujenzi kwenye simu. "Kifusi kinatitia, bosi. Zege halititii."

Boksi likafungwa kwa mbao za moja kwa nane na misumari iliyonyooshwa. Mirunda ya kulizuia boksi upande wa chini ikakosa pa kuegemea isipokuwa mpapai wa jirani yetu, Mwalimu mstaafu. Mpapai jamani, mti ambao ndani ni uwazi! Fundi akaupiga kofi. "Huu hauendi popote."

Wakakoroga: saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne. Maji hayakuwa na hesabu, maana zege jepesi halichoshi mikono. Sasa mita moja ya ujazo ya zege ina kama tani 2.4, na boksi lilikuwa linakaribia kujaa lilipoanza kuongea. Msumari ukalia "ti!" Saidia fundi wakatua makarai na kurudi nyuma bila kuambizana, vijana wale wameona mengi. Fundi peke yake akakimbilia kuzuia ubao kwa mgongo.

Mpapai ukainama taratibu, ukaangusha mapapai, ukalala. Zege likashuka kwa Mwalimu bila hodi, na kandambili moja ya Fundi ndani yake.

Mwalimu akatoka jikoni, kanga begani.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Na hiki nacho nini?"

"Zege, Mwalimu."

"Naona. Mmechanganya vipi?"

"Moja, mbili, nne," akajibu Fundi, mguu mmoja peku.

Akalitazama lilivyotandaa mlangoni pa jiko lake, pale panapojaa tope kila masika. Akaingia ndani. Nikajua anampigia mjumbe. Akarudi na reki.

"Lisawazisheni kabla halijashika. Muache mteremko kidogo, maji yaende mtaroni."

Tulifanya kazi uani kwake mpaka magharibi. Na huko, nawaambia, pimamaji ilitoka mfukoni.

Tanki langu bado nimelifunga kamba kwenye mwembe. Jana Mwalimu kaniita kutoka kule chini:

"Baba Neema! Mtamwaga lini tena? Bado upande wa bafuni."