Ringeti: Je, Kanada na Ufini waachwe wachuane peke yao?

Ukimwambia Mtanzania "mpira wa pete" atafikiria netiboli, na pete atakayoiona kichwani ni ile ya chuma iliyo juu ya mlingoti. Wakanada wana mchezo wa wanawake ambao pete ndiyo mpira wenyewe: pete ya raba, rangi ya bluu, inayoburutwa juu ya barafu kwa gongo lililonyooka, lisilo na ule mkunjo wa gongo la hoki ya barafuni. Unaitwa ringeti. Kila upande una wachezaji sita, golikipa akiwemo, na kugongana miili kwa makusudi ni marufuku. Aliyeubuni ni Sam Jacks wa North Bay, Ontario, mwaka 1963, na kanuni za mwanzo ziliandaliwa na Red McCarthy wa Espanola, katika jimbo hilohilo. Walitaka wasichana wapate mchezo wao wa barafuni, wakati hoki ilihesabiwa kuwa mali ya wavulana.

Mashindano yake ya dunia yalianza 1990 huko Gloucester, Ontario. Siku hizo Kanada ilikuwa na wachezaji wengi kiasi cha kuingiza timu za majimbo, na dhahabu ikabebwa na Alberta. Toka hapo hadi mashindano ya Espoo, Ufini, mwaka 2022, hakuna dhahabu ya wakubwa iliyotoka nje ya nchi mbili. Kanada ilishinda 1990, 1992, 1996 na 2002. Zilizobaki zote ni za Ufini, na kuanzia Stockholm 2004 hadi Espoo Wafini hawakuachia hata moja. Uswidi, Marekani na Jamhuri ya Cheki zimeshiriki mara kadhaa, lakini kilele wamekitazama kwa mbali.

Kwa hiyo katika miaka ya karibuni waandaaji wameamua kuwatenganisha. Kanada na Ufini hukutana wao kwa wao, mechi kadhaa mfululizo, kugombea Kombe la Sam Jacks. Wengine huchuana kivyao kugombea Kombe la Rais. Uamuzi huo una wanaouunga mkono na wanaoulalamikia, na mimi naona pande zote mbili zimeshika kitu cha kweli.

Anayeutetea aanze na kanuni za mchezo wenyewe, maana humo ndimo ilimo hoja yake nzito. Katika ringeti mchezaji haruhusiwi kuvuka mstari wa bluu, mmoja wa miwili inayogawa uwanja sehemu tatu, akiwa na pete. Lazima ampasie mwenzake aliye upande wa pili wa mstari. Mchezaji wa netiboli ataielewa haraka kanuni hii, kwa sababu naye hakimbii na mpira. Matokeo yake ni kwamba nyota mmoja hawezi kuibeba timu. Kwenye hoki, timu dhaifu yenye golikipa hodari na mshambuliaji mmoja mwenye mbio inaweza kuwasumbua wakubwa. Kwenye ringeti mshambuliaji huyo atafika kwenye mstari na kukwama, asipokuwa na mwenzake aliyekwisha kusoma mwendo wake. Tena timu ina sekunde 30 tu za kupiga golini, kwa hiyo hata ujanja wa kukaa na pete ili saa iishe haupo. Ringeti ni mchezo wa kuelewana, na kuelewana huja kwa kucheza pamoja miaka mingi. Pengo la uzoefu linageuka magoli, moja baada ya jingine, na siyo haki kumsafirisha binti kutoka Prague avuke bahari kwa ajili ya kipigo ambacho kila mtu alikijua kabla hajapanda ndege.

Zaidi ya hayo, mechi za Kanada na Ufini ndizo zinazouonyesha mchezo huu katika ubora wake wote. Kuwaacha wakutane mara mbili au tatu badala ya fainali moja ni zawadi kwa mtazamaji.

Sasa tugeukie upande wa pili, ambao hoja yake kubwa ni Ufini yenyewe. Ringeti ilifika huko 1979, ikipelekwa Turku na Juhani Wahlsten, aliyewahi kuichezea Ufini hoki katika Olimpiki. Walialikwa makocha kutoka Kanada, klabu zikaanzishwa. Mwaka 1990 Wafini walikwenda kwa mabingwa na kurudi bila kombe. Mwaka 1992 mashindano yakafanyika kwao, Helsinki, na bado Kanada Magharibi, mojawapo ya timu za Kanada, ikaondoka na dhahabu. Mwaka 1994, Saint Paul, Minnesota, wakaitwaa. Ni miaka 15 tu tangu pete ya kwanza iguse barafu yao. Nauliza kwa dhati: wangefika kwa muda huo kama wangewekwa kundi la pembeni na kuambiwa wakue kwanza?

Netiboli, ambayo nayo ina mfalme wake Australia, haijawafungia wadogo mlango. Uganda ilimaliza ya 7 katika Kombe la Dunia la 2019, na ya 5 mwaka 2023 mjini Cape Town, ndani ya mashindano yaleyale ambayo Australia ilikuwa inatwaa taji lake la 12. She Cranes, timu hiyo ya Uganda, wamekwea kwa kucheza na walio juu yao.

Hata hivyo hoja hii ina ufa, nao ni Uswidi. Waswidi wana barafu, wana desturi ya michezo ya baridi, walikutana na Kanada na Ufini tena na tena kabla ya utengano, na hawakuwafikia. Kukutana na bingwa peke yake hakutoshi. Ufini ilikuwa na ligi yake nyumbani, ambayo msichana angeweza kuichezea kuanzia utotoni hadi utu uzima. Bila hiyo, vipigo vinabaki kuwa vipigo.

Kuna pia suala la Olimpiki, ambalo wapenzi wa ringeti hulitaja kwa uchungu. Kwa muda mrefu mchezo wa majira ya baridi ulitakiwa uwe umeenea katika nchi 25 na mabara matatu angalau. Ringeti haikukaribia hapo. Hoki ya wanawake iliingia Nagano 1998, nayo ina wafalme wawili, Kanada na Marekani. Mwaka 2010 Jacques Rogge, rais wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki, alionya wazi kwamba hali hiyo haiwezi kuendelea bila wengine kupanda. Haikuondolewa, na nchi nyingine zikawa na sababu ya kuwekeza. Ringeti, isiyo na mgao wa Olimpiki, haina kishawishi hicho. Mwalikwa mpya inaweza kumpa kitu kimoja tu: nafasi ya kucheza na walio bora duniani.

Ndiyo maana utengano naukubali nusu. Mfululizo wa Kanada na Ufini ubaki. Lakini mshindi wa Kombe la Rais apewe mechi moja dhidi ya atakayeshindwa katika mfululizo huo, uwanja uleule, waamuzi walewale, na ihesabiwe kuwa mechi ya kugombea medali ya fedha. Ichezwe baada ya siku moja ya kupumzika, isiwe bonanza la kuaga. Kwa miaka kadhaa ya mwanzo atafungwa, pengine kwa magoli mengi. Makocha wake watarudi nyumbani na mkanda wa mechi hiyo, wauchambue mstari wa bluu mmoja hadi mwingine.