Batani haina jina

Jumamosi mjomba kanipigia, sauti imepoa kabisa. "Mpwa, hivi simu yangu imeharibika au mi ndo nimesahau?" Ikabidi nipande daladala mpaka Temeke kwake. Simu nzima, haina hata mkwaruzo. Kumbe app ya benki yake ilijiapdeti usiku, siku tatu nyuma, imekuja na muonekano mpya, vialama vidogovidogo vya kupendeza, eti kisasa.

Mjomba haoni, anatumia TalkBack, ile sauti ya simu za Android inayomsomea kilichopo kwenye skrini, tena kwa spidi ambayo mimi sishiki hata neno. Mwezi jana alikuwa anatuma hela mwenyewe, luku ananunua mwenyewe. Sasa anatelezesha kidole, simu inamwambia "batani haina jina". Anatelezesha tena, "batani haina jina". Batani saba! Ipi kutuma, ipi kutoka, au apige ana ana ana doo?

Siku tatu hizo zote alikuwa anampa simu kijana wa duka la jirani, namba ya siri anamtajia kwa mdomo, palepale dukani, watu wamesimama wanasubiri kupimiwa unga. Mwalimu mstaafu, mtu mzima na heshima zake, salio lake mtaa mzima unalijua. Hii imeniuma jamani, acheni tu. Na benki hiyohiyo kila wiki inamtumia meseji, usimpe mtu yeyote namba yako ya siri. Asanteni kwa ushauri!

Halafu dawa yenyewe ni mstari mmoja. Kwenye kodi ya app ya Android unaandika contentDescription, yaani maelezo ya batani, unaweka "Tuma pesa", basi, TalkBack inasoma. Haya, najua madevelopa wanakimbizwa na mabosi, nao wanatafuta ugali, ila rangi ya hiyo batani mliikalia vikao vingapi?

Viziwi nao wakipata shida wanaambiwa wapige simu huduma kwa wateja. Wapige wamsikie nani?

Mkataba wa UN wa haki za watu wenye ulemavu tuliridhia 2009, sheria yetu wenyewe ikaja 2010, sijui iko kwenye kabati la nani.

Nikawaandikia benki. Jana wamejibu, wamemtumia mjomba tangazo zuri, limepambwa, maneno yote yako ndani ya picha. Kanipigia tena. "Mpwa, wamesemaje?"