Sista anapoomba utume mpya, asiachwe bila jibu

Tuseme sista anayefundisha katika shule moja ya jimbo Katoliki la Malindi, pwani ya Kenya, amemwandikia Baba Askofu. Anaomba aachie darasa aende kuwahudumia mateja, vijana walioharibiwa na unga, kulekule maskani. Utawa hauachi. Apewe ruhusa?

Wanaosema apewe hukimbilia kisa cha Mama Teresa, ila husimulia treni tu: kwamba alikuwa sista wa shirika la Loreto, mwalimu mjini Calcutta, akasikia wito tarehe 10 Septemba 1946 akisafiri kwenda Darjeeling. Yaliyofuata ndiyo yenye mafunzo. Askofu Mkuu wa Calcutta, Ferdinand Périer, alihoji na kushauriana na wengine, na hadi Januari 1948 ndipo alipomruhusu kuendelea na ombi lake. Hata hapo walitofautiana. Teresa alitaka kuishi nje ya konventi, yaani nyumba ya watawa, huku nadhiri zake zikibaki. Askofu akashikilia aombe kufunguliwa nadhiri kabisa. Akatii, akaandika hivyo. Roma ikampa alichotaka tangu mwanzo. Agosti aliondoka, akaenda kwanza Patna kujifunza uuguzi, na shirika lake jipya likatambuliwa tarehe 7 Oktoba 1950.

Naona Périer alifanya vyema kuhoji. Alipotaka mwanamke huyo apoteze nadhiri ndipo alipozidisha.

Askofu wa Malindi naye ana sababu za kusita. Jimbo hili, lililoundwa mwaka 2000, limeunganisha Kilifi, Tana River na Lamu, na Waislamu ni wengi humu. Teja akiwa mtoto wa Kiislamu na anayemwinua ni sista mwenye msalaba kifuani, wazee watauliza kama kinacholetwa ni tiba au dini, na si kosa kuuliza. Tena tangu 2023, miili zaidi ya 400 ya waumini walioambiwa na mhubiri wao wafunge hadi kufa ilipofukuliwa msitu wa Shakahola, watu wa huku wana haki ya kumhoji yeyote anayekusanya wanyonge kwa jina la Mungu. Liko pia suala la fedha: kituo kinachotegemea mfadhili mmoja wa Ulaya hufungwa siku mfadhili huyo akichoka, na vijana wakarudi walikotoka.

Sheria ya Kanisa haimpi upande mmoja kila kitu. Kanuni ya 678 inaweka kazi za utume za watawa chini ya askofu, lakini inataka yeye na wakuu wa mashirika washauriane. Kuanzisha shirika jipya ni jambo jingine; tangu Novemba 2020 askofu hawezi bila idhini ya maandishi kutoka Vatikani. Sista wetu hahitaji kufika huko. Anahitaji mkuu wake na askofu wakae meza moja.

Mimi nasema ajaribu mwaka mmoja, akiwa ndani ya shirika lake, pamoja na sista mwenzake, kwa kushirikiana na kliniki ya methadoni, dawa ya kuwaachisha heroini, ya hospitali ya Malindi na maimamu wa mitaa husika. Na askofu ataje siku ya kumjibu, hata jibu likiwa hapana. Aliyeweka nadhiri ya utii hawezi kugoma wala kutafuta mwajiri mwingine. Barua yake ikilala mezani miaka miwili, amekataliwa bila kuambiwa sababu. Mwalimu wa kushika darasa lake atafutwe kabla shule hazijafunguliwa Januari, maana watoto wale nao ni wa maskini.