Kapteni Kichwa Wazi na Helmeti ya Bodaboda

Katika mabishano yetu ya muda mrefu kuhusu iwapo makamanda wa majeshi ya plastiki wavae kofia za chuma au wakae kichwa wazi, mimi nimekuwa upande wa kichwa wazi tangu mwanzo, na ningependa jambo hilo lieleweke kabla sijasimulia jinsi nilivyoongoza vita nzima nikiwa nimevaa helmeti ya bodaboda iliyogandamana na nywele zangu.

Mchezo wenyewe ni Warhammer 40,000, uliotoka Uingereza mwaka 1987. Mchezaji hununua vipande vya plastiki, huviunganisha kwa gundi hadi vikawa askari wa zama zijazo, huwapaka rangi kwa brashi nyembamba, kisha huwapambanisha mezani kwa dadu na utepe wa kupimia. Sanamu ni za kipimo kinachoitwa milimita 28, na kichwa cha askari mmoja hakizidi sana punje ya choroko. Ni juu ya choroko hiyo ndipo mimi na shemeji yangu wa Mamboleo, hapa Kisumu, tumekorofishana Jumapili nyingi kuliko inavyostahili watu wazima wenye familia.

Shemeji ni afisa wa usalama katika kiwanda kimoja, na kazi yake imeingia hadi kwenye starehe zake. Hoja yake ni kwamba vita hivyo vinapiganwa katika sayari zenye hewa ya sumu, kwamba kofia ya askari wa Space Marines, jeshi mojawapo la binadamu katika mchezo huo, ndiyo inayomchujia hewa na kumwezesha kuwasiliana na wenzake, na kwamba kamanda anayeivua ili watu waone taya lake anafaa kuandikiwa barua ya onyo. Nikimwambia kwamba kiongozi lazima atambulike, hunijibu kwamba cheo huonyeshwa kwa rangi, kama wafanyavyo Ultramarines, kikosi kimojawapo cha Space Marines, ambao sajini wao huvaa kofia nyekundu na wakongwe wao nyeupe. Akichemka zaidi hunipeleka mwaka 1914, wakati askari wa Ufaransa walipoingia vitani na kofia za kitambaa, wakapata majeraha ya kichwa yaliyolazimisha jeshi lao kuleta kofia ya chuma mwaka 1915.

Mimi humwacha amalize, kisha nampeleka mbali zaidi, Hastings, mwaka 1066. Huko uvumi ulienea kwamba William wa Normandia ameuawa, askari wake wakaanza kukimbia, naye akalazimika kuinua kofia yake ili wauone uso wake na warudi. Tukio hilo limedariziwa katika kitambaa cha Bayeux, na kila mwenye macho anaweza kulitazama. Kofia ilikaribia kumnyang'anya mtu taji la Uingereza! Tena, mezani tunasimama hatua moja mbali na sanamu hizo, na ukiwa na askari wengi wenye kofia zinazofanana, uso mmoja ulio wazi huonekana mara moja. Jambo linalofanya ubishi huu usiishe ni kwamba kanuni hazijali: kapteni wa Space Marines, ambaye ndiye kamanda tunayemgombania, ana kinga yake ya 3+, yaani dadu ikitoa tatu au zaidi pigo halimdhuru, na ile nyingine ya 4+ kutoka kwenye duara la chuma linalozunguka kichwa chake, na hupewa kinga hizo avae kofia au asivae. Dadu haziwezi kutuamua.

Jumapili ninayoisimulia nilikuwa nimemaliza kupaka rangi kapteni mpya, kichwa wazi, mwenye nyusi ambazo nilizichora kwa unywele mmoja wa brashi nikiwa nimeshikilia pumzi. Nilimweka katika mfuko wa shati, nikatia gundi ya supagluu katika mfuko wa suruali kwa ajili ya dharura, nikapanda bodaboda Nyalenda kuelekea Mamboleo. Kabla hatujafika Kondele tuliruka tuta moja ambalo mwendeshaji aliliona baada ya kulipita, na nilipopapasa mfuko nikakuta kiwiliwili cha kapteni kiko juu na kichwa chake kiko chini kabisa, pamoja na vumbi la chaki.

Msongamano wa Kondele ulitusimamisha, nami nikaona hiyo ndiyo nafasi ya kufanya upasuaji. Kwa kuwa kichwa cha ukubwa huo kikidondoka katikati ya matatu hakipatikani tena, nilivua helmeti, nikaipindua mapajani na kuifanya karakana. Mdomo wa gundi ulikuwa umeziba. Niliubinya, ukakataa, nikaubinya kwa nguvu za mtu anayechelewa vitani, na kichupa kikapasuka upande wa chini. Tone moja liliingia shingoni mwa kapteni, mahali lilipotakiwa, na kichwa kikakaa sawasawa, isipokuwa kilielekea kidogo upande wa Kakamega. Gundi iliyobaki yote ilinyweka katika kitambaa cha ndani cha helmeti, nami kwa furaha ya kumponya kapteni sikuifuatilia.

"Mwalimu, vaa helmeti! Askari wa trafiki yuko mbele," mwendeshaji alisema.

Sheria ya Kenya inamtaka mwendeshaji na abiria wake wavae helmeti, na mimi ni mtu wa kutii sheria. Niliivaa hadi masikioni.

Gundi ya aina hiyo hukazwa na unyevu, na Kisumu mchana, kandokando ya ziwa, kichwa cha mtu ndani ya helmeti kina unyevu wa kutosha kugandisha mlango wa kanisa. Tena inapokutana na pamba hutoa joto, jambo ambalo nililisoma baadaye. Wakati ule nilihisi utosi ukiniungua nikalilaumu jua. Tulimpita askari tukiwa watu wa kuigwa.

Mamboleo nililipa nauli, nikashika helmeti ili niirudishe, na ngozi yote ya kichwa ikainuka pamoja nayo. Mwendeshaji alidhani ninamfanyia mzaha. "Omera, helmeti yangu," alisema, akaivuta, nikapiga kelele, mbwa wa jirani wakaitikia. Dada yangu alitoka jikoni, akauliza kilichotokea, akasikia neno "gundi" na akaketi chini palepale kibarazani kwa kicheko. Shemeji alisimama mlangoni bila kucheka. Alikuwa na uso wa afisa ambaye, baada ya mafunzo mengi, hatimaye amemwona mfanyakazi mkaidi zaidi akitekeleza maagizo.

"Karibu, kamanda," aliniambia. "Leo umevaa vizuri."

Mwendeshaji hakuweza kuondoka bila helmeti, kwa hiyo aliingizwa ndani, akapewa chai na mkate, akaketi karibu na meza akitaka kuelezwa. Nilimweleza ubishi wote kupitia kioo cha mbele, ambacho nacho kilikuwa kimegandishwa pembeni na hakikufunguka zaidi ya upana wa kidole. Alisikiliza kwa heshima.

"Sasa huyu kapteni akivaa kofia, anaongezewa kitu?"

"Hapana."

"Na akivua, anapunguziwa?"

"Hapana."

Alinywa chai kidogo. "Na nyinyi wote wawili mmesoma?"

Tulianza kucheza huku dada akinimwagia maji ya vuguvugu yenye sabuni ukingoni mwa helmeti, na hapo ndipo nilipopata ushahidi ambao nilikuwa nimeukosa kwa muda wote wa mabishano. Kioo kilikuwa na ukungu wa pumzi zangu, dadu yenye tatu niliisoma tano, na amri zangu zilitoka zikiwa mngurumo tu. Nilimnyanyua askari kwa kujiamini na kumsogeza mbele, hadi mpwa wangu aliponivuta mkono: "Mjomba, huyo ni wa Baba." Nilimtangazia shemeji kwamba huyu sasa ndiye kamanda wake mwenye kofia, asiyeona, asiyesikika na asiyewajua watu wake. Alijibu kwamba hakusikia nilichosema.

Maji yaliposhindwa dada alileta dawa ya kuondolea rangi ya kucha, kwa maana asetoni iliyomo huyeyusha gundi hiyo. Ni kweli huiyeyusha. Vilevile huyeyusha plastiki ya polisterini, ambayo ndiyo mwili na roho ya kapteni wangu. Dada alimimina kwa ukarimu wakati nimeinama kupima umbali, dawa ikapita ukingoni, ikafuata kioo, ikakusanyika kwenye kidevu cha helmeti na kumdondokea kapteni katikati ya uso. Helmeti ilitoka kichwani mwangu dakika hiyohiyo, ikiwa na sehemu ya nywele zangu, na kitu cha kwanza nilichokiona waziwazi siku hiyo ni nyusi zangu nilizozihangaikia zikishuka polepole kuelekea kidevuni.

Shemeji, bila neno, alifungua kopo lake la vipande vya akiba, akachagua kichwa chenye kofia na kukiweka mbele yangu. Nilikikataa. Kapteni huyo nimempaka rangi upya, uso umekuwa wa makovu, na bado yuko kichwa wazi; naye shemeji anaomba kwamba wakati wa chakula ageuzwe atazame ukuta.

Mwendeshaji alinidai nauli ya kungoja na bei ya kitambaa kipya cha ndani ya helmeti, nikalipa bila kubishana, akanipa namba yake ya simu. Jumapili iliyofuata nilimpigia nikamwuliza nauli ya Mamboleo ni ngapi.

"Wewe mwenyewe, ni ileile," alisema. "Lakini kama unakuja na yule mtu wako, yeye atapanda mbele na mimi, na gundi ibaki nyumbani."