Sinza ya fremu

Jamani, hivi hapa Sinza, Dar es Salaam, zimebaki nyumba ngapi ambazo hazijabomoa ukuta kuweka fremu za maduka? Mtaa ulipimwa miaka ya 1970, mradi wa viwanja uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, ili watu wa kipato cha chini wajenge, waishi. Waishi! Leo baraza alilokuwa anakaa bibi akipeta mchele ni saluni. Mwembe uliotulisha mtaa mzima? Umekatwa, pamewekwa kibanda cha wakala wa pesa za simu, pembeni yake kingine, mbele yake kingine. Nani anatoa pesa zote hizo?

Na baa sasa! Spika imeelekezwa dirishani kwa mtu, saa nane usiku, mpaka vikombe kabatini vinacheza. Mtoto wa darasa la saba alale saa ngapi? Mgonjwa je? Ukienda kuwaambia, unajibiwa, "Mzee, hamia Kibaha." Nihamie Kibaha, mimi niliyezaliwa hapa?

Uwanja wetu wa chandimu umejaa magari ya wateja, watoto wanacheza barabarani wakikwepa bodaboda. Inauma! Wenzangu wa Kijitonyama, Mwenge, Mikocheni, huko kwenu mnalala kweli?