Nani kasema Norvel Lee alitupa kipaji?

Juzi mchambuzi mmoja wa ngumi redioni alikuwa anawataja mabondia wa Marekani "waliotupa vipaji vyao", na wengi kwenye orodha yake kosa lao lilikuwa moja tu: walimaliza ngumi za ridhaa wakagoma kwenda za kulipwa. Akafika kwa Norvel Lee. Mwenye busara angezima redio. Mimi nikasikiliza mpaka mwisho, ndiyo maana leo mnanivumilia.

Norvel Lee! Mtu katoka Helsinki mwaka 1952 na dhahabu ya uzito wa kilo 81, na juu yake akakabidhiwa kombe la Val Barker, lile anapewa bondia mmoja tu aliyeonyesha ufundi kuliko wenzake wote kwenye Olimpiki nzima. Timu hiyohiyo ilikuwa na kijana wa miaka 17 anaitwa Floyd Patterson, aliyekuja kuwa bingwa wa dunia wa uzito wa juu. Patterson alirudi na dhahabu, kombe likaenda kwa Lee. Na Lee hata uzito ule haukuwa wake. Alikuwa akiba wa Ed Sanders kwenye uzito wa juu, akajikondesha harakaharaka ili apate pa kupigania.

Miaka minne kabla ya hapo alikwenda Olimpiki ya London, akiba vilevile, hakupanda ulingoni. Akarudi kwao Virginia, akapanda treni, akaambiwa behewa la weusi liko kule. Akakataa kuhama. Wakamkamata, wakamtia hatiani, akakata rufaa, na mwaka 1949 mahakama kuu ya rufani ya Virginia ikaifuta hukumu. Rosa Parks, yule mama mweusi aliyekataa kumpisha mzungu kiti kwenye basi, alikuwa bado miaka kadhaa mbele. Halafu mtu anakaa kwenye kiti cha kuzunguka, kahawa pembeni, anatuambia Lee "alikosa moyo". Moyo!

Tena tujiulize, alikataa kwenda wapi hasa? Miaka ile mapambano makubwa ya Marekani yalishikwa na International Boxing Club, na nyuma ya pazia alikuwepo Frankie Carbo, mtu wa mafia ambaye baadaye alifungwa. Usipokubaliana na wenye mchezo wao, unaota ubingwa ukiwa kitandani. Lee alikuwa na miaka 27, kasoma Chuo Kikuu cha Howard, ana akili zake timamu. Akaweka glovu chini.

Sanders hakuziweka. Huyu ndiye yule jitu wa jeshi la majini, ambaye kwenye fainali ya Helsinki Ingemar Johansson alikwepa kupigana naye mpaka refa akamtoa nje kwa aibu. Mwaka 1954 Sanders akaingia ngumi za kulipwa. Desemba ya mwaka huohuo, Boston, pambano lake la tisa tu, Willie James akamwangusha raundi ya 11 na hakuamka tena. Miaka 24, kaacha mke na mtoto mdogo. Sanders hayumo kwenye orodha ya mchambuzi wetu. Kwa hesabu zake huyu alikitumia kipaji, na Lee aliyeishi hadi 1992 ndiye aliyekitupa.

Nawajua wasomaji wangu, mtanitajia Sugar Ray Leonard, aliyekwenda kulipwa na kung'ara. Sawa. Leonard alitoka Olimpiki ya Montreal mwaka 1976 akisema safari yake ya ngumi imekwisha, anakwenda chuo. Baba yake akaugua, hela hakuna, mwaka uliofuata akaanza kulipwa. Ningekuwa mwongo nikisema ningependa angebaki darasani, maana lile pambano lake na Thomas Hearns la 1981 nalirudia mpaka leo. Haya, mmeshinda hapo. Ila timu ileile ilikuwa na Charles Mooney, sajini wa jeshi, medali ya fedha, hakupigana kwa kulipwa hata mara moja. Ilikuwa na Leon Spinks pia, aliyempiga Ali mwaka 1978, na baadaye akawa anafanya usafi YMCA ya mji mdogo huko Nebraska. Semeni wenyewe nani kapoteza.

Eddie Eagan, bingwa wa ngumi wa Olimpiki ya 1920, yeye alikwenda kusomea sheria, kisha akarudi mwaka 1932 akachukua dhahabu nyingine, ya mbio za sleji kwenye barafu. Labda naye alikosa moyo.

Huku kwetu Robert Wangila wa Kenya alichukua dhahabu Seoul mwaka 1988, akaenda kulipwa, na mwaka 1994 akafa Las Vegas baada ya pambano. Siwezi kuliandika hilo kwa utani.

Na Teófilo Stevenson, dhahabu tatu, aliyekataa mamilioni ya dola ili asiondoke Cuba? Huyo mchambuzi wetu anamwita gwiji. Akikataa Mcuba ni msimamo, akikataa Mmarekani ni woga. Mwenye kuelewa anieleweshe.