Kabla ya Kuuza Gitaa, Badilisha Nyuzi

Wapiga gitaa tunapenda kusema "hili gumu, lile laini" na lawama tunaitupia mbao. Mara nyingi tunachokisikia vidoleni ni urefu wa uzi unaolia, yaani kuanzia mwanzo wa shingo hadi kwenye briji, kile kipande kinachoshikilia nyuzi kwenye mwili wa gitaa. Stratocaster ya Fender ina milimita 648, Les Paul ya Gibson inazunguka 628. Kwa uzi uleule na noti ileile, mkazo hupanda kwa mraba wa urefu, hivyo Stratocaster inazidi kwa asilimia 6 hivi.

Asilimia 6 tu! Toa uzi wa kwanza wenye unene wa inchi 0.010, weka wa 0.009, mkazo unashuka kwa asilimia 19. Pakiti moja ya nyuzi inafanya kazi mara tatu ya ule ubishi wetu wote. Kwa hiyo simwelewi mtu anayeuza gitaa zuri eti linamuumiza vidole, na hajawahi kujaribu nyuzi nyembamba.

Nyuzi haziwezi kuhamisha freti, vile vyuma vilivyokingama shingoni, hilo nakubali. Jaguar ya Fender, yenye milimita 610, ukiilinganisha na Stratocaster inampunguzia mpigaji karibu milimita 8 kutoka mwanzo wa shingo hadi freti ya nne, na kwenye kordi ya kutanua vidole nafuu hiyo inaonekana. Ila ukipanda kupiga solo juu ya freti ya 15, vidole vinene vinaanza kugombea nafasi. Ushauri wa "mkono mdogo, gitaa fupi" hautaji upande huo.

Pale urefu unapostahili heshima zake ni kwenye sauti za chini. Shusha uzi wa sita, ule mnene kuliko wote, hadi noti ya B kwenye gitaa la milimita 628: unalegea, unagonga freti, na ukiupiga kwa nguvu noti inaruka juu kabla ya kutulia. Ukiweka uzi mnene zaidi, ulegevu unapona lakini waya mnene ni mkaidi kujipinda, sauti zake za juu zinatoka kwenye tyuni na noti inakuwa na matope. Ndiyo sababu magitaa ya baritoni, yale ya sauti ya chini zaidi, huanzia karibu milimita 686, na Bass VI ya Fender ya mwaka 1961, inayoshuka oktava nzima, ikapewa 762.

Ralph Novak alipata hataza ya freti zilizotawanyika kama upepeo mwaka 1989: nyuzi nene ndefu, nyembamba fupi, kwenye shingo moja. Wengi wanaliona gitaa hilo kituko. Mimi naona ndilo pekee lililokataa kuzipimia nyuzi sita kwa rula moja.